Mzazi Wetu Atapanda Ndege Gani?

Ukaribiapo msimu wa Hija, familia zetu hushughulikia pasipoti, viza, chanjo na nauli. Ni wachache wanaouliza aina ya ndege atakayopanda mzazi wao. Tumeona vyema, ndugu wasomaji, tulieleze jambo hili, kwani anayetoka Pemba kwenda Jidda huweza kupanda ndege mbili au tatu tofauti katika safari moja, na kila ndege ina masharti yake.

Ya kwanza ni ndege ndogo, mfano wa Cessna Caravan, yenye injini moja ya pangaboi na abiria wapatao 12. Hii hutua hata katika viwanja vifupi visivyo na lami, na kwa hiyo ni tegemeo la visiwani na vijijini. Lakini uzito wake hupimwa kwa uangalifu, na mara nyingi abiria huruhusiwa kilo 15 tu za mzigo. Hapa ndipo hujaji anaporejea hupata mashaka: sanduku la kilo 23 lililopokelewa Jidda bila ya neno huweza kuzuiwa Dar es Salaam.

Ya pili ni ndege ya pangaboi mbili, kama ATR 72 na Dash 8 Q400, yenye viti 70 na ushei. Wapo wanaoidhania kuwa ya kizamani. Sivyo. Katika safari fupi hutumia mafuta machache kuliko jeti, nayo huunganisha miji ya nchi moja kwa gharama nafuu. Aghalabu hupandwa kwa ngazi, jambo la kuzingatiwa kwa mwenye maumivu ya magoti.

Ya tatu ni jeti yenye njia moja katikati ya viti, kama Boeing 737 na Airbus A320. Hubeba abiria 150 hadi 200 hivi kwa safari za saa chache baina ya nchi na nchi.

Ya nne ni ndege pana yenye njia mbili, kama Boeing 787, Boeing 777 na Airbus A330, iliyoundwa kwa masafa marefu. Boeing 787-8 ya Air Tanzania, iliyowasili mwaka 2018, ina viti 262. Kubwa kuliko zote ni Airbus A380 ya ghorofa mbili, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2021, kwa kuwa mashirika mengi yalipendelea ndege ndogo zaidi za injini mbili, zilizo rahisi kujaza.

Ama kuhusu afya, hewa ndani ya jeti si sawa na ya pwani. Kwa kawaida hufanana na ya mlima wenye mita 2,400 hivi; katika Boeing 787 ni kama mita 1,800. Kwa hiyo mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Basi tumuulize wakala mambo matatu: ndege ni za aina gani, mzigo unaoruhusiwa katika ile ndogo kabisa ni kilo ngapi, na kiti cha magurudumu huombwa lini. Kuwatayarishia wazee wetu safari ni katika kuwatendea wema. Allah awafikishe salama na awarejeshe salama. Amin.