Neno alilomeza Armstrong mwezini, na kwa nini Kiswahili hakilioni

KATUNGURU, Kasese: Ukisimama kwenye daraja la Katunguru, juu ya Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, siku isiyo na mawingu unaiona milima ya Rwenzori upande wa kaskazini. Wasafiri wa Kizungu waliiita Milima ya Mwezi. Henry Morton Stanley alisikia jina la wenyeji na kuandika "Ruwenzori", na herufi "u" hiyo ilikaa kwenye ramani kwa miongo mingi kabla ya kuondolewa. Wakonzo husema Rwenzururu, mahali pa theluji.

Kwenye mwezi wenyewe pia kuna mzozo wa herufi moja, na bado haujaisha.

Alfajiri ya Jumatatu, Julai 21, 1969, saa kumi na mbili kasoro dakika nne kwa saa za Afrika Mashariki, Neil Armstrong alikanyaga mwezi na kutamka sentensi inayojulikana kuliko zote za safari za anga. Alikusudia kusema kwamba ile ilikuwa hatua ndogo kwa mtu mmoja, lakini ruka kubwa kwa wanadamu. Waliokuwa wakisikiliza hawakusikia "mtu mmoja".

Tatizo ni kineno "a". Kiingereza hukiweka mbele ya nomino kuonyesha kwamba ni mmoja tu, yeyote yule. Kikiondoka, "man" haimaanishi tena mtu mmoja bali binadamu kwa jumla. Hivyo sentensi iliyosikika inasema hatua hiyo ni ndogo kwa binadamu, na papo hapo ni kubwa kwa binadamu. Inajipinga yenyewe.

Armstrong alishikilia kwamba alikusudia kukisema. Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta wa Australia, Peter Shann Ford, alichunguza mawimbi ya sauti na kudai kuwa kineno hicho kimo, kikichukua milisekunde 35, muda mfupi mno kwa sikio. Wanaisimu kadhaa hawakuridhika. Mwaka 2013 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani wakaja na hoja ninayoiona nzito zaidi: watu wa Ohio, jimbo alikozaliwa Armstrong, wanapozungumza kwa kasi huunganisha "for" na "a" hadi yasikike kama neno moja. Yaani huenda alilisema, na bado asiwepo wa kulisikia. Hilo halithibitishi kwamba alilisema, ila linaonyesha kwamba sikio pekee haliwezi kuamua kesi hii.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kesi yenyewe haionekani. Lugha yetu haina kineno kama hicho. Wala Lhukonzo haina, ingawa "omundu" huanza na irabu ambayo "mtu" wa Kiswahili hana. Mfasiri analazimika kuchagua: "mtu" au "binadamu". Akiandika "hatua ndogo kwa mtu", amemsahihisha Armstrong bila hata kujua kwamba kulikuwa na kosa la kusahihisha.

Asidhani mtu kwamba Kiswahili kimesalimika na silabi zinazomezwa. Nenda Bwera, kisha ushuke hadi mpaka wa Mpondwe, ambako wachuuzi wa Uganda na wenzao wa Kasindi, Kongo, hutumia Kiswahili kupatana bei. Kati ya "nimelipa" na "nitalipa" kuna silabi moja tu. Anayeimeza katika kelele za soko na anayedhani ameisikia wanaweza kuachana kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo, na hapo hakuna maabara ya kupima milisekunde. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mapatano ya namna hiyo yatazidi kuongezeka.

Armstrong, aliyefariki mwaka 2012, alikubali kwamba yeye mwenyewe hakusikia "a" kwenye kanda, akapendekeza iandikwe ndani ya mabano. Kwa Kiingereza hilo linawezekana. Mhariri wa Kiswahili anayetaka kuandika kile kilichosikika, si kile kilichokusudiwa, itambidi aandike "binadamu" mara mbili, kisha atafute nafasi ya kueleza.