Farasi Katika Msitu wa Mlima (2): Usubi, Mbung'o na Punda wa Kiambere

Juma lililopita tulieleza tandiko, hatamu na vikuku. Leo tujibu swali ambalo mtu wa Kiambere, kule Mbeere, angelianza nalo: hao farasi wako wapi?

Ukiteremka kutoka Kiritiri kuelekea bwawa la Kiambere utapishana na punda waliobeba mitungi ya maji na magunia ya ndengu. Farasi humwoni. Wengi husema farasi ni mnyama wa matajiri, na kwa kiasi wanasema kweli. Lakini hata tajiri wa Mbeere akimnunua leo na kumwacha zizini bila chanjo, huenda asimalize naye msimu mmoja wa mvua, na atakayemuua ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama.

Mdudu huyo ni usubi, aumaye zaidi tangu machweo hadi alfajiri. Hubeba kirusi cha ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi hupata homa, nyama ya juu ya macho huvimba, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani. Wasiochanjwa hufa zaidi ya saba kati ya kumi. Kwa baghala vifo ni karibu nusu. Kwa punda ni kama mmoja kati ya kumi. Pundamilia hubeba kirusi bila hata kukohoa. Kirusi kina aina 9, ndiyo maana wafugaji wa farasi huchanja kila mwaka na kuwafungia mabandani kabla jua halijatua.

Juu ya usubi kuna mbung'o. Vichaka vya bonde la Tana, ambako bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, vimejulikana tangu zamani kwa mbung'o na ugonjwa wanaoueneza, nagana. Punda naye huugua, ila huvumilia kuliko farasi.

Ndipo watu wakamtazama pundamilia. Huko Scotland, miaka ya 1890, Profesa Ewart alimpandisha pundamilia dume kwa farasi majike, na wengi wakatumaini kwamba chotara hao wangestahimili mbung'o. Kwetu, Raymond Hook wa Nanyuki aliwazalisha machotara wa namna hiyo na kuwatumia kubeba mizigo ya wapandaji Mlima Kenya. Wazo zuri, kwa maoni yangu, ingawa chotara hawezi kuzaa, na kila kizazi lazima uanze upya na pundamilia asiyependa kushikwa.

Leo kundi la marafiki likitaka kupanda farasi msituni huenda upande wa Nanyuki, kwenye baridi, ambako farasi hutunzwa na kuchanjwa. Njia hupita kwenye mierezi, na juu zaidi mianzi. Acheni nafasi ya urefu wa farasi mmoja kati yenu, kwa kuwa anayesongwa nyuma hurusha teke. Mkipanda mwinuko, inameni mbele. Mkiteremka, legezeni hatamu, farasi achague mwenyewe pa kukanyaga. Zaidi ya yote tazameni masikio yake. Yakisimama yote mawili kuelekea kichaka kimoja, simameni na nyinyi. Kwenye mianzi mtu haoni hatua kumi mbele, na nyati au ndovu aweza kuwa hapo. Harufu ya farasi huifunika ya binadamu, hivyo wanyama huwaacha mkaribie mno, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Na aliye Kiambere asiyeweza kufika Nanyuki? Kiang'ombe ni mlima wa Mbeere wenye msitu wake, unaofika kama mita 1,800. Sishauri mtu mzima ampande punda kwenye miinuko ile. Punda na wabebe maji na chakula, marafiki watembee kwa miguu. Juma lijalo: jinsi ya kufunga mzigo usimchubue punda mgongo.