Kufundisha Uhusiano wa Jeni na Sukari za Kapsuli ya Bakteria

Mwalimu wa Bayolojia anapofundisha urithi, huwaeleza wanafunzi kwamba jeni huagiza utengenezaji wa protini. Baadaye huwaeleza kwamba bakteria wengi wamevikwa kapsuli, yaani koti laini ambalo aghalabu ni la sukari, na kwamba koti hilo hurithiwa. Mwanafunzi mwenye kufikiri hana budi kuuliza: ikiwa jeni huagiza protini, sukari nayo hurithiwaje? Katika mazoezi ya kufundisha tumewasikia wanachuo wetu wakijibu kwamba "jeni ya sukari hugeuka sukari". Tulipochunguza, tuligundua kwamba kosa lilianzia kwetu sisi wakufunzi. Tulikuwa tumechora ubaoni mshale mmoja kutoka kwenye jeni hadi kwenye koti, tukaruka hatua ya katikati. Makala hii inakusudia kuonyesha namna ya kuirudisha hatua hiyo darasani.

Mfano unaofaa ni nimokoki, mmoja wa bakteria waletao kichomi. Kapsuli humkinga asimezwe na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1923 Michael Heidelberger na Oswald Avery, wakiwa New York, walionyesha kwamba koti hilo ni sukari. Katika nimokoki wa aina ya 3, sukari hiyo ni mnyororo mrefu wa viungo viwili vinavyopokezana: glukosi na asidi ya glukuroni.

Kwa somo hili mwalimu atayarishe punje za mahindi zilizolowekwa, uzi, sindano, wino na kadi mbili. Kadi ya kwanza iandikwe: "Tia wino baadhi ya punje." Ya pili iandikwe: "Tunga punje, nyeupe kisha ya wino, bila kukoma." Kadi ni jeni, mwanafunzi atendaye kazi iliyoandikwa ni kimeng'enya, nacho ni protini. Wa kwanza hugeuza glukosi kuwa asidi ya glukuroni, na wa pili huunga mnyororo. Kisha mwalimu aiondoe kadi ya kwanza. Mtiaji wino ataketi, na mtungaji, ingawa yupo na punje nyeupe ni tele, hataweza kuendelea. Hapo darasa litaona kwa macho kwamba jeni haikuwa na sukari ndani yake. Ilikuwa na maagizo ya kumpata mfanyakazi.

Baada ya zoezi hilo, mwalimu asimulie jaribio la Frederick Griffith la mwaka 1928, lililofanyika London. Aliwadunga panya bakteria hai wasio na kapsuli, waliotokana na aina ya 2, pamoja na bakteria wa aina ya 3 waliouawa kwa joto. Panya walikufa, na katika damu yao alikuta bakteria hai wenye koti la aina ya 3. Mwalimu aulize: walio hai walipokea nini kutoka kwa wafu, punje, wafanyakazi au kadi? Asiharakishe kujibu. Mwaka 1944 Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba kilichopokewa ni DNA. Joto lilikuwa limewaua bakteria, lakini kadi zilisalimika.

Kwa madarasa ya juu, aina za 6A na 6B zinafaa sana. Minyororo yote miwili ina galaktosi, glukosi, ramnosi, ribitoli na fosfati kwa mpangilio uleule. Tofauti ipo mahali ramnosi inaposhikamana na ribitoli. Herufi moja tu ikibadilika katika jeni ya kimeng'enya kinachounga hapo, asidi amino moja hubadilika, na koti huwa la aina nyingine.

Jambo hili si la mtihani tu. Aina za nimokoki zijulikanazo leo zinazidi 100, na kinga ya mwili huzitambua kwa umbo la sukari hizo. Watoto wachanga hawajengi kinga imara kwa sukari peke yake. Ndiyo maana katika chanjo yao sukari huunganishwa na protini. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hiyo mwaka 2011. Mzazi akimwuliza mwalimu kwa nini chanjo moja ina sukari za aina nyingi, jibu limo katika somo hili.

Hata hivyo, tusiache kuwaonya wanafunzi kuhusu upungufu wa kifaa chetu. Katika kapsuli hakuna uzi. Viungo hushikana vyenyewe. Wala kimeng'enya hakisomi jeni. Chenyewe hutengenezwa kwa kufuata maagizo yake. Mwishoni, kila mwanafunzi achore njia nzima kutoka jeni hadi kapsuli. Atakayechora mshale mmoja arudishwe kwenye punje.