Ban Zhao na Maonyo kwa Wanawake: Sauti ya Kike Katika Fasihi ya Kale ya Uchina

Msomaji wa fasihi ya kale ya Uchina hachelewi kukutana na taasubi ya kiume. Katika Shijing, diwani kongwe ya nchi hiyo, tunaambiwa kuwa mtoto wa kiume azaliwapo hulazwa kitandani na kupewa jiwe la thamani, ilhali wa kike hulazwa chini na kupewa kigae achezee. Vitabu vya kaida vya Kikonfusio navyo vilimtaka mwanamke amfuate babaye kabla ya kuolewa, kisha mumewe, na akifiwa na mume amfuate mwanawe wa kiume. Haya yanajulikana. Linalonishughulisha hapa ni kwamba risala mojawapo iliyoyaeneza sana mafunzo hayo iliandikwa na mwanamke, tena mwanachuoni.

Ban Zhao aliishi zama za Han ya Mashariki, takriban mwaka 45 hadi 116 B.K. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 14, akafiwa na mumewe mapema, wala hakuolewa tena. Kakaye, Ban Gu, alipofia gerezani mwaka 92 bila kuikamilisha historia ya nasaba ya Han, ni yeye aliyeamriwa na mfalme kuiendeleza kazi hiyo. Alikuwa mwalimu wa Malkia Deng, na malkia huyo aliposhika hatamu za dola mwaka 106, Ban Zhao akawa mshauri wake.

Huyo ndiye mtunzi wa Nüjie, yaani Maonyo kwa Wanawake, yenye sura saba. Anaanza kwa kueleza kwamba ni mgonjwa, na kwamba anachelea mabinti wa ukoo wake wasije wakaleta aibu huko waolewako. (Mwalimu wa Kiswahili hawezi kuyasoma haya asimkumbuke Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi. Uhusiano wa kihistoria haupo. Kilichopo ni kushabihiana kwa hali.)

Ban Zhao anakirejelea kile kigae na kukifasiri kuwa ni ishara ya unyenyekevu na kazi. Mume kwake ni kama mbingu: anaweza kuoa tena, mke hana ruhusa ya kuolewa tena. Hata hivyo, katika sura ya pili mwelekeo wa hoja unabadilika. Waungwana, asema, huwafunza watoto wa kiume kusoma tangu umri wa miaka minane, kama kaida zinavyoagiza. Mbona binti asifunzwe vivyo hivyo? Asiyefunzwa atawezaje kumtumikia mumewe ipasavyo? Katika sura ya tatu anauliza tena: pakiingia matusi na fimbo, mapenzi ya mume na mke yatakaa wapi? La kutanabahi ni kwamba hoja zote hizi amezichota katika mfumo ule ule unaomdhalilisha mwanamke. Wako wanaouona huo kuwa ujanja wa mnyonge. Mimi naona aliyaamini aliyoyaandika, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kumhukumu.

Wanaume waliipokea risala hiyo kwa furaha. Ma Rong, mwanachuoni aliyesomeshwa na Ban Zhao mwenyewe ile historia ya Han, aliwaamuru mkewe na mabinti zake wajifunze Nüjie. Katika karne ya 17 iliunganishwa na risala nyingine tatu na kuitwa Vitabu Vinne vya Wanawake. Mwaka 1907 mwandishi wa kike, He-Yin Zhen, alimshutumu Ban Zhao vikali kwa kuwafunga wanawake wenziwe.

Lakini hakuwa wa kwanza kumpinga. Fan Ye, mwanahistoria wa karne ya 5, asema kwamba wifi yake Ban Zhao, Cao Fengsheng, aliyekuwa naye mwenye kipawa, aliandika waraka wa kuikosoa risala hiyo, na kwamba maneno ya waraka huo yalistahili kusomwa. Risala ya Ban Zhao ameinukuu nzima. Waraka wa wifi hakuunukuu, nao umepotea.