Pikapu ya viazi Busasamana: springi kwanza, shokapu baadaye

Mfanyabiashara anayesomba viazi mviringo kutoka Busasamana, wilayani Rubavu, hadi Gisenyi kwenye mpaka na Goma, akiona pikapu yake imekaa chini upande wa nyuma hukimbilia kununua shokapu mpya. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa kazi ya shokapu si kubeba mzigo.

Mzigo hubebwa na springi, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa ambavyo mafundi huviita majani. Shokapu hutuliza tu mdundo baada ya gurudumu kupiga jiwe, na huku kwenye ardhi ya volkano mawe si haba. Aidha, majani hayo ndiyo yanayoishika ekseli mahali pake. Boliti ya katikati ikikatika, ekseli husogea na gari huenda upande upande.

Dawa inayopendwa ni kuongeza jani. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja, na kwa pikapu nyingi hicho ndicho kikomo, au kimeshapitwa ukihesabu abiria. Jani la ziada hunyanyua bodi, lakini haliongezi nguvu ya ekseli, chesi, tairi wala breki. Isitoshe, gari hurudi mlimani likiwa tupu au na bidhaa chache za duka, na springi ngumu hulirusha hadi tairi zinaachia barabara. Nafuu ni jani fupi, lililonyooka, la chini kabisa, ambalo huanza kufanya kazi pale tu mzigo unapopanda.

Shokapu huchaguliwa baada ya hapo. Ekseli ikisukumwa juu kabisa, raba ya kuzuia iguse kabla shokapu haijafika mwisho. Ekseli ikining'inia, shokapu ibaki na nafasi kidogo. Ikiwa fupi mno, itang'oka kwenye shimo la kwanza kubwa. Boliti za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hujipinda na kuchanika mapema. Boliti za umbo la U zisirudiwe, na zile mpya zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Jambo linalosahaulika ni breki. Pikapu nyingi, zikiwemo Toyota Hilux za zamani, zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayopima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikinyanyuliwa, valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, wakati tani nzima inateremka kuelekea Ziwa Kivu. Fundi aliyeongeza jani aambiwe airekebishe fimbo hiyo kabla gari halijapakiwa.