UKIENDA TALLINN, USITOKE BILA RIFLEKTA!

Tukisikia mtu kapaa majuu, akili zinakimbilia London au Stockholm. Mimi bwana nilitua Estonia, kinchi cha pwani ya Bahari ya Baltiki chenye watu wasiofika milioni 1.4. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam peke yake na zaidi ya milioni 5, kwa hiyo pima mwenyewe.

Nilifika Desemba. Kosa la kwanza hilo. Jua linachomoza saa 3 na ushei asubuhi, na ikifika saa 9 na nusu alasiri giza limeshaingia. Nimetinga koti jeusi la mitumba nililolichagua kwa mbwembwe pale Karume, suruali nyeusi, kofia nyeusi, na mwenyewe ndo hivyo tena, mweusi tii. Navuka barabara, gari likafunga breki, likaserereka kwenye barafu na kusimama hatua moja tu toka magotini mwangu. Nilihisi moyo uko kooni.

Dereva hakupiga honi wala kutukana. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anasubiri basi akanifuata, akafungua pochi, akatoa kijidude cha plastiki chenye kamba na pini, akakipachika kwenye koti langu. Halafu akarudi zake kituoni. Hakusema neno hata moja!

Kumbe ilikuwa riflekta, ndugu yake ile inayobandikwa nyuma ya malori. Kule ni sheria, mtembea kwa miguu gizani lazima awe nayo, la sivyo polisi wanaweza kukupiga faini. Wenyewe wanaiita helkur, na bei yake ni ya kutupa. Iache ining'inie usawa wa magoti, upande magari yanakotokea, maana huko ndiko taa zinakopiga.

Yule mama ndiye Mwestonia halisi. Wiki ya kwanza nilidhani nabaguliwa, mpaka nilipogundua wananyamaziana wenyewe kwa wenyewe. Ukikaa kwenye basi ukaanza kumuuliza jirani habari za nyumbani, atakuona una kasoro. Sema “tere” ukiingia dukani, “aitäh” ukipewa chenji, inatosha. Ajabu ni kwamba watu hawahawa mwaka 1988 walijazana kwa malaki kwenye uwanja wa nyimbo wa Tallinn, wakiimba kudai uhuru wao kwa Wasovieti. Agosti 1991 wakaupata tena. Kwa hiyo sauti wanazo, sema hawazitumii ovyo.

Sasa sikiliza kimeo kingine. Utaambiwa Tallinn mabasi ni bure. Ohoo! Mwaka 2013 jiji liliwaondolea nauli wakazi waliosajiliwa, siyo wewe na begi lako. Gusisha kadi yako ya benki kwenye mashine iliyo mlango wa mbele, maana wakaguzi wanaingia bila hodi na faini yao itakumalizia pesa ya kula. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 4 tu toka katikati ya mji na tramu inafika hapohapo, hivyo teksi ni ubishoo. Pesa yao ni euro tangu 2011.

Mji Mkongwe ni bomba, usiuache. Ukuta wa kale bado umesimama karibu kilomita 2, na pale uwanja wa halmashauri kuna duka la dawa linalotajwa kwenye kumbukumbu tangu 1422. Panda kilima cha Toompea uone mapaa mekundu na bahari, hulipi senti. Akina dada, michuchumio acheni nyumbani, njia zote zimetandikwa mawe na baridi ikikaza yanakuwa sabuni. Migahawa ya pale uwanjani inakamua watalii; mimi nilikuwa nashuka soko la Balti Jaam, karibu na stesheni ya treni. Mkate wao ni mweusi na mchachu, juu yake wanaweka samaki wadogo kama dagaa. Kuna na kama, unga wa shayiri, njegere na nafaka nyingine unaokorogwa kwenye maziwa mgando. Mtu aliyekulia uji wa lishe hapati shida.

Kama unaogopa giza, nenda Juni. Jua linazama saa 4 na nusu usiku imeshapita, na saa 10 alfajiri limeshachomoza. Beba kitambaa cha kufunga macho.

Na viza ni ya Schengen. Peleka maombi siku 15 kabla ya safari au mapema zaidi, ila isizidi miezi 6, na uwe na bima ya matibabu ya euro 30,000 au zaidi. Kwa viza hiyohiyo unapanda meli kama saa 2 hadi Helsinki, unakula lanchi, unarudi. Lakini kama ni ya kuingia mara moja, usije ukachomoka kwenda London kumsalimia binamu ukitegemea kurudi Tallinn. Mlango utaukuta umefungwa.