Alama Tano za Kelele

Katika skuli nyingi za Pemba, mwalimu akitoka darasani chaki hubaki kwa monita. Monita huandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na rafiki zake, kwa bahati njema, siku hiyo huwa mabubu. Mwalimu akirudi, orodha hugeuka adhabu. Zamani adhabu yenyewe haikuwa na mjadala: ni bakora. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili na adhabu za kudhalilisha, lakini haimwambii mwalimu wa Micheweni, hapo Pemba, afanye nini na darasa lililofurika wakati mvua inapiga bati. Mvua nayo haiandikwi ubaoni.

Njia moja ya kutuliza darasa kwa mchezo ilijaribiwa Marekani na watafiti wa Kansas, Barrish, Saunders na Wolf, wakaichapisha 1969. Darasa la wanafunzi 24 liligawiwa timu mbili. Mtoto akipayuka au akitoka kitini bila ruhusa, timu yake hupata alama. Yenye alama chache ilishinda, na ikiwa zote hazikuvuka alama tano, zote zilishinda. Tunzo hazikugharimu kitu: kutangulia mstari wa chakula, au nusu saa ya miradi maalumu mwisho wa siku. Kelele zilishuka sana; mchezo uliposimamishwa, zilirejea.

Linalofanya kazi hapo ni macho ya wenzio zaidi ya zawadi. Mtoto asiyemwogopa mwalimu humwogopa jirani yake wa dawati aliyekoseshwa tunzo. Hapo ndipo nasita. Wapemba hawahitaji kufunzwa madhara ya kugawiwa makundi mawili: baada ya uchaguzi wa 1995, wafuasi wa vyama vya CCM na CUF walisusiana maduka na hata mazishi katika baadhi ya vijiji, na mbio za maridhiano zilifika kwenye kura ya maoni ya Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Timu ya dirishani na timu ya mlangoni si vyama, lakini mtoto mmoja mwenye mdomo mrefu anaweza kubebeshwa hasara ya wenzake ishirini, kisha akalipishwa njiani kuelekea nyumbani, mahali ambapo mwalimu hana ubao.

Kwa hiyo, kati ya kanuni zote za Kansas, ningeichukua ile ya alama tano na kumwacha mshindi. Timu zishindane na kikomo, zikifaulu zote zitoke mapema. Alama aziandike mwalimu, asiachiwe monita, na zihesabiwe katika somo moja tu, maana kuitikia kwa sauti moja au kubishana juu ya hesabu ni kazi, si kelele.

Hata Kansas, wanafunzi wawili waligoma kucheza. Ikaonekana si haki timu kuadhibiwa kwa ajili yao, wakatolewa mchezoni. Darasani Pemba, ambako dawati la pembeni huenda halipo, hao wawili watakaa wapi?